Fundi Viatu na Fomu ya Mazungumzo

Fundi viatu alikuwa mtu wa kuongea akiwa ameinama. Ukimkuta kibandani kwake, kiatu chako kimelala mapajani mwake kimeachama mdomo, msharasi, ile sindano yake nene, unaingia na kutoka, basi atakupigia soga mpaka usahau kwamba umekaa na mguu mmoja mtupu. Atakuuliza hali ya mama mkwe. Atakwambia kisigino chako kinaisha upande mmoja kwa sababu unatembea na hasira. Lakini kiatu kikishaisha, ukasimama mbele yake na kumtazama usoni ili umshukuru, alimeza mate tu na kutafuta kitu cha kuokota chini. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Hata siku alipokwenda kuposa, alikaa saa nzima akiangalia mkeka, na bibi harusi mtarajiwa ndiye aliyetoka chumbani kuja kumsaidia kusema.

Mke huyo alipofariki, fundi aliacha kulala. Siku moja, siku tatu, siku saba. Siku ya tisa watu wa sokoni walimkuta amevitoa nje viatu vyote vya wateja, jozi hamsini na kitu, amevipanga barabarani vinaelekea makaburini. Yeye mwenyewe alisimama kando akimwomba kila mpita njia asivikanyage, kwa kuwa wenyewe wamo ndani. Dada yake mkubwa ndiye aliyemshika mkono akamleta hospitali.

Hayo yalikuwa ya wiki tisa nyuma. Sasa alikuwa analala. Dawa zilimkausha mdomo na kumtetemesha vidole kidogo, lakini alilala, na viatu vilikuwa vimerudi kuwa viatu. Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka: kutoka kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenyekiti wa soko alikuwa amemwambia dada yake waziwazi kwamba kibanda kikifungwa miezi mitatu kinapewa mtu mwingine, na waliokitaka walikuwa wengi, maana kilikuwa mahali pazuri, penye kona. Fundi alijijua. Bila kile kibanda, yeye ni mtu wa kuangalia sakafu tu.

Wodi yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja wa vitanda ishirini na vinne, korido ya hatua arobaini na moja, vyoo visivyo na komeo kwa ndani, na mlango wa nondo ambao ulifungwa mara mbili. Benchi zilikuwa zimekazwa sakafuni kwa skrubu. Katikati palikuwa na chumba cha wauguzi chenye dirisha kubwa la kioo. Ukikaa kwenye benchi unawaona wanaandika. Wakiinua kichwa, wanakuona unawaona. Wote mnageukia kwingine. Siku nzima ilikuwa hivyo, ukiondoa saa mbili za mezani.

Kila asubuhi, baada ya chai, hospitali kubwa ilileta furushi la shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Kazi ya kukikunja walipewa wagonjwa waliotulia. Muuguzi wa zamu alikata vipande kwa mkasi uliofungwa shingoni mwake kwa kamba, wagonjwa wakakunja mara nne, wakapanga mafungu ya kumi kumi. Mwisho muuguzi alihesabu na kutia sahihi, kwa sababu kwenye wodi ile kitambaa si kitambaa. Mtu mwenye huzuni anaweza kujifanyia nacho jambo baya.

Pale mezani fundi alikuwa fundi. Mikono ikipata kazi, mdomo ulifunguka wenyewe.

"Fundi, leo umenuna," alisema Sista Mwendopole. Jina hilo alipewa na wagonjwa kwa ajili ya goti lake bovu. Alikuwa mama wa makamo, mwaka wa ishirini na mbili huo anafungua na kufunga mlango uleule.

"Sijanuna, Sista. Ninamsikiliza Mheshimiwa. Tangu asubuhi anatuahidi barabara."

"Na itajengwa!" alisema Mheshimiwa, mzee mmoja mrefu aliyekuwa mwalimu zamani, ambaye wodi yote ilimwita hivyo kwa hotuba zake. "Itaanzia hapa mezani mpaka chooni. Wananchi wameteseka vya kutosha."

"Weka na taa basi," fundi akasema bila kuinua macho. "Jana nimemkanyaga mpiga kura wako kidole, amelia mpaka asubuhi."

Sista alicheka mpaka mkasi ukamrukaruka kifuani. Meza nzima ikacheka, hata kijana wa kitanda cha sita ambaye hakuwa amecheka tangu aletwe. Saa mbili zile zilipita kama dakika kumi, kisha vipande vikahesabiwa, meza ikafutwa, na kila mtu akarudi kwenye benchi yake kuangalia kioo.

Halafu ikaja fomu.

Matroni alirudi kutoka semina na bunda la karatasi mpya. Wauguzi, alisema, wanakaa mno nyuma ya kioo. Kuanzia sasa kila muuguzi atakaa na mgonjwa wake dakika thelathini, mara tatu kwa wiki, katika chumba maalumu, uso kwa uso, na ataandika. Jambo lenyewe lilikuwa jema, hakuna aliyebisha. Kilichokuwa stoo ya mablanketi kikapakwa rangi, kikawekwa viti viwili vinavyotazamana, meza ndogo katikati, mlango ukafungwa. Sista Mwendopole akapangiwa fundi.

Fundi aliingia, akakaa, akaweka mikono magotini. Sista akaweka kalamu tayari.

"Haya, Fundi. Tuzungumze."

Ulimi ukaganda. Sista yule yule ambaye saa moja iliyopita fundi alikuwa anamtania habari za goti lake, sasa alikuwa uso mkubwa wenye macho mawili, na macho yanasubiri. Fundi aliangalia ukuta. Akaangalia kucha zake. Dakika thelathini zilikwisha bila neno isipokuwa "ndiyo" tatu na "hapana" moja, na Sista, ambaye naye alikuwa hajui aanzie wapi, akaandika.

Fundi alikuwa darasa la saba tu, lakini miaka ya kusoma namba za soli huku mteja amekaa mbele yake ilimfundisha kusoma kitu kilichogeuzwa juu chini. Akasoma: *Amejitenga. Haangalii machoni. Hana mazungumzo.*

Kesho yake, mezani, alisema polepole huku akikunja, "Sista, umeandika sina mazungumzo. Sasa haya ninayoyatoa hapa kila siku ni kikohozi?"

"Aa, Fundi, haya si mazungumzo. Haya ni maneno tu ya kazini. Fomu inataka yale ya chumbani."

"Na hapa mezani je?"

"Ya hapa hayana nafasi kwenye fomu," Sista akasema, na kwa kweli alikuwa anaieleza fomu jinsi ilivyo. Alimpenda fundi. Hakuona kosa lolote.

Alhamisi daktari akapita. Alikuja kila wiki mbili, na watu watano nyuma yake, na faili ndilo lililoongea kwanza. Alisoma, akamtazama fundi, fundi akatazama miguu ya kitanda. "Bado kajifungia sana huyu," daktari akasema kwa upole. "Tumpe wiki mbili nyingine." Akaenda kitanda kinachofuata.

Jumapili dada yake alikuja, akakaa naye kwenye benchi ya wageni, nondo zikiwa mgongoni.

"Wewe mdogo wangu unanitafutia presha," alisema. "Mwenyekiti kila nikipita ananionyesha vidole: imebaki hii, imebaki hii. Unakaa humo ndani unawafanyia nini hawa watu?"

"Wanataka niongee, dada."

"Basi ongea! Kuongea kunauma?"

"Wananiangalia."

Dada ndiye aliyekuwa akimsemea dukani, shuleni na kwa wakwe tangu wakiwa wadogo. "Fanya kama unamwambia ukuta," akasema. "Wewe mwaga tu, chochote kile."

Fundi akafanya hivyo. Mheshimiwa alimfunza jioni ile namna ya kuvuta pumzi na kutupa maneno mbele. Jumatatu, mlango ulipofungwa tu, fundi aliukazia macho ukuta akamwaga: analala vizuri, anakula vizuri, hasikii chochote, viatu ni viatu, anamshukuru daktari, anamshukuru matroni, ana kibanda, kibanda kiko kona, akirudi atashona, ahsanteni sana. Yote hayo kwa pumzi moja.

Sista aliandika. *Anaongea kwa kasi, bila kituo. Macho ukutani.* Jioni ile kidonge kimoja kikawa viwili.

Siku tatu fundi alitembea korido hatua arobaini na moja kwenda, arobaini na moja kurudi, kichwa kizito. Akinyamaza, ni ugonjwa. Akisema, ni ugonjwa. Aliona kwamba kila kitu anachokifanya humu kinapita kwenye kalamu, na kalamu ina njia moja tu. Hata kutembea kwake kulikuwa kumeandikwa, maana asubuhi alimsikia muuguzi mmoja nyuma ya kioo akimwambia mwenzake, "Yule wa viatu hatulii, ona."

Ndipo alipopata wazo, na lilikuwa wazo la mtu mwenye akili zake timamu. Shida si uso wa Sista. Shida ni mikono mitupu. Asubuhi ya Ijumaa, mezani, Mheshimiwa alipokuwa anazindua daraja na Sista anafuta machozi ya kicheko, fundi aliteremsha vipande vitatu vya shashi kwenye mkono wa shati lake. Sista hakuhesabu siku hiyo. Alitupia macho mafungu, akaona yanafanana na ya jana, akatia sahihi: vipande mia tatu, vimetimia.

Mchana, chumbani, fundi alikaa, akaingiza mikono chini ya meza na kuanza kukunja. Mara nne, kufungua, mara nne. Macho yaliteremka yakatulia, na sauti yake ya kibandani ikaja.

Alimweleza Sista habari za mkewe. Namna alivyokuwa akimletea chakula kibandani na kukaa kwenye kiti cha wateja, akijifanya mteja, akilalamika kwamba fundi huyu anachelewesha kazi. Namna alivyougua siku nne tu. Kwamba siku ya mazishi watu walimshika mikono yote miwili, huyu huku na huyu kule, tangu asubuhi mpaka jioni, kwa wema, wasije wakamwacha peke yake. Hakupata mkono wa kufanyia chochote, na hakulia, na usiku ule ndipo usingizi ulipokataa kuja.

Sista alikuwa ameweka kalamu chini. Ishirini na mbili ni miaka mingi, lakini alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima, na fomu mbele yake ilikuwa nyeupe.

"Pole, Fundi," alisema. "Pole sana, kaka yangu." Akainama kidogo ili ampe mkono, na alipoinama akaona chini ya meza.

Uso ulimbadilika. Ulikuwa woga, si hasira. Miaka mingi nyuma mgonjwa mmoja alimfia kwenye zamu, kwa kitambaa kilichofichwa, na tangu siku ile akiona kitambaa mahali kisipostahili, mikono yake hufanya kazi kabla ya kichwa. Alibonyeza kengele. Wakaja wauguzi wawili wanaume. Fundi alisimama akiwa ameshika vile vipande vitatu, vimekunjwa vizuri mara nne, akasema, "Ni vya mikono tu, Sista. Ni vya mikono." Hakuna aliyesikia. Godoro lilipekuliwa, shati lilipekuliwa, kitanda kikasogezwa karibu na kioo. Matroni akaandika kwa herufi kubwa: uangalizi wa karibu, urefu wa mkono, saa zote.

Urefu wa mkono ni urefu wa mkono. Fundi akienda korido, muuguzi yuko pembeni. Akila, yuko pembeni, na kijiko kinahesabiwa. Akienda chooni, mlango unashikwa na mguu. Mezani kwenye shashi hakuruhusiwa tena. Kila robo saa muuguzi alitia alama kwenye karatasi: *Yupo. Ametulia. Yupo.* Zamu za mchana alipewa Sista Mwendopole, nadhani kwa kumwadhibu, maana matroni alikuwa ameuliza vipande vilivyotimia mia tatu vilipunguaje.

Siku ya kwanza hawakusemezana. Walikaa kwenye benchi moja, wote wanaangalia mbele. Sista hakuweza kwenda kunywa chai. Fundi hakuweza kujikuna bila kutazamwa. Siku ya pili Sista alivua kiatu cha mguu mbovu, akaanza kuusugua, akashusha pumzi.

"Tumefungwa kamba moja, Fundi. Wewe ukikojoa, mimi nasimama. Mimi nikibanwa, lazima nipige kelele aje wa kunipokea."

Fundi alikuwa anaangalia kile kiatu.

"Leta," akasema.

"Nini?"

"Kiatu, Sista. Sina sindano, sina gundi. Leta nikishike tu."

Sista aliangalia kwenye kioo, matroni hayupo. Akampa. Fundi alikiweka mapajani, akapitisha kidole gumba kwenye soli, akabonyeza ndani, akakunja pua.

"Huyu aliyekuuzia hiki ana kesi ya kujibu. Kimeliwa upande wa ndani wote. Goti lako si bovu, Sista. Goti linabeba kiatu, badala ya kiatu kulibeba goti. Umetembea hivi miaka mingapi?"

"Mimi nilidhani ni uzee."

"Uzee gani? Unatembea kama mtu anayekwepa dimbwi, na dimbwi halipo."

Sista akacheka, kisha akajikuta anaeleza. Mumewe anaishi mji mwingine, watoto wamekua. Nyumbani haongei na mtu, hapa anaandika tu. Fundi aliuliza, akajibiwa. Akaulizwa, akajibu, kiatu kikizunguka mikononi. Walizungumza zamu nzima. Na Sista, alipofikia kutia alama ya robo saa, aliigeuza ile karatasi ya *yupo, yupo*. Nyuma palikuwa patupu, akaandika huko kila kitu, kwa mwandiko mdogo: aliyoyasema fundi, na kwamba aliyasema akiwa ameshika kazi. Mwisho akaandika na lake: vipande vya shashi havikuhesabiwa siku ile, kosa ni langu.

Alhamisi daktari akafika na watu wake. Akasoma upande wa mbele.

"Geuza, daktari," Sista akasema.

Matroni akamkata jicho. Daktari akageuza, akasoma, akarudia kusoma. Alivuta kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa akiangalia pembeni, kama mtu anayesubiri kiatu chake. Fundi aliona kwamba amefanyiwa hisani, akajitahidi. Alisema maneno manane au tisa, yenye kituo.

"Nimekuelewa," daktari akasema. "Huu uangalizi tunauondoa leo. Dawa tunarudisha kama ilivyokuwa. Lakini mtu hatoki kwenye uangalizi wa karibu akaenda moja kwa moja nyumbani, hata ningetaka. Utaratibu ni wiki mbili wodini kwanza. Alhamisi ya zamu ijayo nitakuruhusu, nikiona hivi hivi."

Mwezi ulikuwa unaisha Jumanne kabla ya Alhamisi hiyo.

Dada alipokuja Jumapili na kusikia hayo, alipiga paja. "Siku mbili! Tumekosa kibanda kwa siku mbili!"

Fundi alikaa ameinama. Kisha akauliza, "Mwenyekiti amesemaje, hasa? Kibanda kisiwe kimefungwa, au fundi awepo?"

"Kisiwe kimefungwa."

"Basi kifungue wewe, dada."

"Mimi? Mimi najua kushona nini?"

"Usishone. Fungua asubuhi, kaa, funga jioni. Akija mtu na kiatu, kipokee, mwambie fundi anarudi. Akitaka kukaa, akae. Msikilize."

"Nimsikilize! Mimi! Na huu mdomo wangu?" Dada alicheka huku machozi yanamlengalenga. "Haya. Ufunguo uko wapi?"

Wote wawili wakageukia stoo ya mali za wagonjwa. Sista Mwendopole alikuwa karibu, na alikuwa amesikia. Kanuni ilibandikwa pale pale mlangoni: mali ya mgonjwa hutoka na mgonjwa. Alisimama akiisoma kana kwamba ni mara ya kwanza. Kisha akafungua stoo, akatafuta mfuko wenye namba ya fundi, akatoa ufunguo mdogo wenye kutu, na kabla ya kumpa dada akafungua daftari la stoo. Aliandika wazi, mbele yao, akaweka na jina lake kamili.

Fundi aliyasoma juu chini: *Ufunguo mmoja umetoka. Mwenyewe yupo.*

Saa ya wageni ikaisha. Mlango wa nondo ukafunguliwa mara mbili, dada akapita, ukafungwa mara mbili. Fundi alisimama akimwangalia akienda mpaka alipokata kona, halafu akaanza kuitembea korido, taratibu, kama mtu mwenye siku kumi na moja za kutembea.